Moduli na Miksini: Mazungumzo Siku ya Wanafunzi wa Zamani



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta. Nitashika jambo moja tu, tena lililowahi kunitia aibu.

Lugha ninayoitumia yaitwa Ruby. Iliundwa na Mjapani, Yukihiro Matsumoto, ikatolewa mwaka 1995. Humo vitu vya aina moja huelezwa katika klasi, na kila klasi ina mzazi mmoja tu. Ni kama mabweni yetu: hakuna aliyekuwa wa mabweni mawili. (Waliolala nje usiku wa dansi nawaacha.) Lakini mtu wa bweni lolote aliweza kuwa mwanakwaya au skauti. Ruby nayo ina njia hiyo. Ujuzi huandikwa mara moja katika moduli, kisha klasi yoyote huuchukua bila kubadili mzazi. Moduli iliyochanganywa hivyo huitwa miksini, jina lililotokana na duka moja la aiskrimu huko Somerville, Marekani, ambako mteja alichanganyiwa vikorombwezo alivyotaka.

Faida yake ni kubwa. Ifundishe klasi yako kulinganisha vitu viwili tu, kisha ichanganye na moduli ya Comparable. Papo hapo itajua kikubwa, kidogo, kilicho sawa na kilicho katikati.

Sasa aibu yangu. Niliandika programu ya kupokea mahindi kwa chama kimoja cha ushirika. Klasi ya Mzigo ilichukua moduli ya mizani, yenye methodi iitwayo uzito. Hesabu ya malipo iliuliza uzito, ikatoa makato ya unyevu, ikaandika fedha. Baadaye nikaongeza moduli ya pili, ya unyevu. Nayo, kwa uvivu wangu wa majina, ilikuwa na methodi iitwayo uzito, ila huo ulikwisha kukatwa.

Ruby hutafuta methodi kwanza katika klasi yenyewe, halafu katika moduli, ikianzia iliyochukuliwa mwisho, ndipo iende kwa mzazi. Ikikuta jina, haiendelei kutafuta, wala haikuonyi kwamba jina hilo liko mahali pengine. Basi makato yakakatwa mara mbili. Wiki mbili wakulima walipunjwa, na kompyuta ilikuwa kimya. Aliyegundua ni mzee mmoja aliyekuja na hesabu yake ameiandika kwa penseli juu ya karatasi ya sukari. Mwanzoni nilimbishia.

Fedha zilirudishwa, na methodi zile nikazipa majina mawili: uzito_wa_mizani na uzito_mkavu. Siku hizi kabla ya kukabidhi kazi huiagiza klasi kwa neno ancestors, nayo hutoa orodha ya moduli na wazazi wake kwa mpangilio ule ule wa kutafutwa.

Kompyuta yangu nimekuja nayo. Vijana wanaotaka kuiona orodha hiyo wanikute maktaba baada ya chakula.