Risasi na Masikio

Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga wa Kenya walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, bunduki zilirindima Nairobi. Kambi yao ya Eastleigh haiko mbali na mtaa wa Mbotela. Waliokufa walihesabiwa, lakini masikio ya walionusurika, nani aliyaulizia?

Mlio wa bunduki ya kijeshi ya G3 huvuka desibeli 140. Misuli midogo ya sikio hujikaza kuzuia kelele, ila mlio huwa umeshapita, na vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Anayelenga kwa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, maana ndilo linaloelekea mtutu.

Kwa aliyeumia hivyo, sauti nyembamba hutangulia kupotea. Humsikia kondakta wa matatu wa Jogoo Road akiita, lakini “s” na “f” zake hazimfikii.