Moto ya mwezi wa tano, moto ya mwezi wa kumi



Mwisho wa kiangazi, kila mtu hapa Lubumbashi anajua: jua inakuwa nyekundu, moshi inaingia mpaka chumbani, majivu inaanguka juu ya nguo tulizoanika. Tunazoea kusema: «Ni kipindi tu, itapita.» Leo tunaomba tusiseme vile tena.

Moto katika pori si kitu kipya. Miti ya miombo imezoea moto tangu zamani. Lakini moto ya asili inaletwa na radi, na radi inakuja pamoja na mvua. Hii moto ya katikati ya kiangazi, wakati hakuna hata wingu, inawashwa na mkono wa mtu: mlimaji anayesafisha shamba, mwindaji, mchoma makala. Sisi watu ndio tumebadilisha kalenda ya moto.

Na kalenda ndiyo inaamua. Mwezi wa tano nyasi ingali na maji. Moto inatembea chini-chini, inaruka sehemu zingine. Mwezi wa tisa na wa kumi nyasi imekauka kabisa, upepo inavuma, na miombo imeshatoa majani mapya mbele ya mvua. Moto ikifika wakati ule, inachoma majani hayo na kuua miche.

Kule Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, walianza kujaribu jambo hili tangu 1933. Kipande cha pori kilicholindwa na moto kikawa pori nzito. Kilichochomwa mapema kikabaki na miti yake. Kilichochomwa mwisho wa kiangazi, mwaka kwa mwaka, kikageuka karibu nyasi tupu.

Sasa tuongeze makala. Muji wetu unapikia makala juu umeme haitoshi. Mti ukikatwa, jua inafika chini, nyasi inaota mingi. Nyasi ikiwa mingi, moto inakuwa kali, miche inakufa, na nyasi inarudi tena. Ndiyo maana pori inazidi kuwa mbali, na mfuko wa makala unazidi kuwa bei. Vinkubala, bowa, masuku, buki: vyote vinatoka mu pori ile.

Tusiwatupie wanakijiji kosa lote. Anayechoma makala anatuuzia sisi. Wengi wetu tuko na diploma, kazi hatuna, na chakula tunachokula nyumbani kimepikwa na makala hayo hayo. Kukataza moto yote pia si dawa: nyasi itarundikana, siku moja cheche moja itamaliza kila kitu.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

Moja, machifu wapange pamoja na raia siku za kuchoma mapema, mwezi wa tano na wa sita.

Mbili, serikali ya jimbo itangaze kalenda hiyo kwa redio, kwa Kiswahili na Kibemba. Sheria ya misitu iko tangu 2002. Isibaki karatasi ya Kifaransa ofisini.

Tatu, umeme ifike mu kartie zetu. Bila umeme, tutaendelea kukata.

Nne, sisi wenyewe: tutumie mbabula inayokula makala kidogo, na tuende kusaidia vijiji kusafisha njia za kuzuia moto kando ya mashamba. Nguvu tuko nayo, wakati pia tuko nao.

Mvua itazima moto ya mwaka huu. Ya mwaka kesho, tuipange kuanzia leo.