Pima kwanza, njo ununue batri

Maneno ya kamati ya vifaa mbele ya wanachama wa Kasongo na Kabambare



Tunaanza na kosa letu wenyewe. Mnajua chumba chetu cha kuchajia simu kule Kabambare, kilikuwa kinaingiza makuta kila siku katika sanduku ya chama. Simu zikaanza kuchelewa kujaa, kisha ikifika saa tisa ya mchana kila kitu kinazima. Sisi wa kamati tukapima fili kwa kengele ya multimita, ikalia vizuri. Tukasema: fili ni nzima, basi batri imekufa. Tukatoa makuta ya sanduku, batri mupya ikapanda pikipiki kutoka Kasongo. Kisha siku chache, chumba kikazima vilevile.

Ni wakati ule njo mama mmoja wetu alipelekwa kuzaa kwa operasheni, na sanduku iko tupu. Tulipita nyumba kwa nyumba kuomba. Makuta yalipatikana, lakini haya ya siku ile hatujaisahau.

Ugonjwa ulikuwa juu ya bati: fise moja imeungua ndani, na pembeni yake fili imebaki na nyuzi tatu tu za shaba.

Sasa tuseme namna ya kupima. (Wale tuliotoka Nyarugusu tunasema waya na testa, waliobaki huku wanasema fili na multimetri. Kitu ni kimoja, tusigombane.)

Kabla ya yote, pima multimita yenyewe. Gusanisha miguu yake miwili: kengele ilie, ao kama ile yako haina kengele, ukiweka kwa omu isome karibu na sifuri. Isipofanya vile, mara mingi ni waya za miguu zenye zimekatika ndani, sababu watu wanazizungushia chombo kama kamba ya mbuzi. Tena angalia tundu lenye wameandika 10A. Ukiacha mguu mwekundu mule, kisha ukagusa batri, umeunganisha chanya na hasi kwa mkono wako. Cheche, moshi, chombo kimeisha.

Kengele ni ya fili yenye haina umeme. Kata kwanza pande zote mbili. Mguu mmoja mwanzo, mguu mwingine mwisho: ikilia, njia iko. Kisha jaribu fili moja na jirani yake: hapo isilie, ikilia zimegusana mahali fulani. Wakati unapima, mwenzako atikise fili polepole, zaidi karibu na fise. Kengele ikikatika-katika, umeshapata mahali. Fili yenye imesafiri juu ya pikipiki mpaka ng'ambo ya Luama inaweza kukatika ndani na ngozi yake ikabaki nzuri kabisa.

Lakini kengele inadanganya, na njo ilitudanganya sisi. Uzi mmoja tu unatosha kuifanya ilie, lakini hautoshi kubeba ampe 5. Kwa hiyo pima pia wakati kazi inaendelea. Jua likiwa kali na simu zimechomekwa, weka volti za mstari wa moja kwa moja, si zile za wimbi. Sisi tulichoma sindano ndogo katika ngozi ya fili, mbele ya ile fise na nyuma yake, tukagusa sindano mbili zile: volti 6 na kitu! Fise nzima inaonyesha karibu sifuri. Volti zenye zinabaki ndani ya fise zinakuwa joto, na joto linaiunguza zaidi. Ukimaliza, funga matundu kwa utepe. Na msifanye ile ya sindano kwa jenereta ya volti 220, apana kabisa.

Batri nayo: iache ipumzike saa chache bila kuchaji wala kutumika. Ile ya volti 12 ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Kama ilijaa, lakini ukiwasha taa ndogo tu inaanguka chini ya 11, hapo sawa, njo mgonjwa.

Jambo lingine ni unene. Fili ya shaba ya milimita 1.5 za mraba, mita 15 kwenda na 15 kurudi, ukipitisha ampe 5 inakula karibu volti 1.7 njiani. Ile ya milimita 4 inakula kama 0.65. Na dukani kwaruza uzi kwa kisu: ukiona nyeupe ndani, ni aluminiamu yenye imepakwa shaba. Inapoteza zaidi, hata kama muuzaji anaapa.

Ukimaliza kutengeneza, usichomeke mara moja. Pima tena: alama ya kutoa ikitokea mbele ya namba, umegeuza chanya na hasi.

Multimita za chama ni mbili, moja kwa katibu wa Kasongo, moja pale chumba cha kuchajia Kabambare. Kuazima ni bure kwa mwanachama, siku mbili. Irudishwe imezimwa, na waya zake zisizungushwe. Ile batri ya kwanza tuliipima: nzima. Iko kwa katibu, mwenye kuitaka kwa bei nzuri aseme, makuta yarudi katika sanduku.