Gari la Doria Lilikuwa Wapi Usiku Ule?

Mmetuuliza mara nyingi: tunapiga 999, tunaambiwa gari liko njiani, kumbe halijatoka kituoni. Nani atajua ukweli? Basi leo tuzungumzie kifaa cha kufuatilia gari.

Wenye malori na matatu wengi wanakifahamu. Ni kidogo tu. Kinapokea ishara za setilaiti, kinajua mahali kilipo, halafu kinatuma habari hiyo ofisini kupitia laini ya simu. Kikifungwa kwa gari la polisi, mkubwa wa zamu anaona gari lipi liko karibu na penye shida. Hiyo ni faida, lakini sisi tunaona kuna nyingine kubwa zaidi: kifaa kinaacha kumbukumbu.

Huko Oklahoma City, Marekani, mwaka 2014, mama wa miaka 57 alishtaki kwamba askari wa doria, Daniel Holtzclaw, alimsimamisha barabarani usiku akamdhulumu kimwili. Wapelelezi walipochimba wakapata wengine. Kortini walisimama wanawake 13. Wengi walikuwa maskini, baadhi na historia ya dawa za kulevya. Nani angewaamini? (Ninyi mnajua neno la mnyonge linavyopimwa.) Lakini kumbukumbu za gari la askari huyo ziliunga mkono maneno yao juu ya mahali na saa. Gari halisemi kilichotendeka. Hilo walilisema akina mama wenyewe. Desemba 2015 alipatikana na hatia kwa mashtaka 18 kati ya 36, na Januari 2016 akafungwa miaka 263.

Wengine watasema, basi kila raia aone kwa simu yake gari liko wapi dakika hii. Hapana! Majambazi watakuwa wa kwanza kuangalia. Tunachotaka ni kumbukumbu ya jana na juzi. Hapa Kenya, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu mwananchi kuomba, na ofisi ya serikali ina siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa ni uhai au uhuru wa mtu. Wanaweza kukataa wakitaja usalama wa nchi. Makosa ya polisi yenyewe yanapelekwa IPOA.

Katibu aandike saa mliyopiga, mahali, nambari ya gari na nambari ya OB. Bila saa, hakuna cha kulinganisha. Daftari la kikundi linatosha, msingoje fomu.