Kijana wa Michenzani na Maswali Yake

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mbuba



Mwenyekiti aliponipigia simu na kunitaka niseme machache juu ya kazi yangu ya mipango miji, nilimwuliza mipango miji inaihusu nini Mbuba, mahali ambapo mtoto huambiwa anakwenda mjini akipelekwa Ngara. Akanijibu kwa maneno mawili: "Nenda Kabanga." Basi nilikwenda. Nitayaeleza ya Kabanga baadaye, maana kwanza napenda kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Unguja.

Lakini hata kabla ya Unguja, hapana budi nianzie hapa kwetu. Wale wa rika langu watakumbuka mwaka 1994. Nilikuwa darasa la sita. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na wengi wao walivuka kwa muda wa siku moja hivi. Pale Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kilima kilifunikwa na maturubai ya plastiki kabla hatujamaliza kushangaa. Kwa wingi wa watu ule ulikuwa mji kuliko makao makuu ya mikoa mingi ya nchi yetu. Miti ikaisha kwa kuni. Desemba 1996 watu wakarudishwa kwao, na mji wenyewe ukatoweka.

Mimi mtoto nilitoka pale na somo moja kichwani: kwamba kuwapa watu wengi mahali pa kulala ni kazi ya hesabu. Maturubai mangapi, vyoo vingapi, maji lita ngapi kwa kichwa. Na kwa watu waliokimbia panga, hesabu hiyo ilikuwa ya haki kabisa, sina la kuilaumu. Kosa langu ni kwamba niliibeba hesabu hiyohiyo mpaka chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu mpaka ofisini.

Mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa mipango miji pale Ardhi, wakati huo ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulipelekwa Unguja kwa mafunzo ya vitendo. Siku mbili za kwanza tulizungushwa Mji Mkongwe. Tulipiga picha za milango ya nakshi, tukalisimamia Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tukaambiwa kwamba mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Siku ya tatu tukavuka barabara ya Creek, ambayo sasa ni barabara ya Benjamin Mkapa, tukaingia Ng'ambo, kuyaona majumba ya Michenzani.

Kwa vijana ambao hawajafika, nieleze. Ni majumba marefu ya ghorofa yaliyopangwa kando ya njia kuu mbili zinazokatana kwenye mzunguko, marefu kiasi kwamba watu wameyaita treni. Yalitokana na mpango uliochorwa mwaka 1968 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na ujenzi wake ulichukua sehemu kubwa ya miaka ya 1970. Nia yake isidharauliwe. Mzee Abeid Amani Karume alitaka mchukuzi na mkulima aliyelala katika kibanda cha udongo na makuti apate umeme, maji ya bomba na choo cha ndani, vitu ambavyo kabla ya Mapinduzi ya 1964 vilikuwa vya watu wa upande wa pili wa barabara. Wananchi wenyewe walibeba mawe na zege. Sisi wanafunzi tulisimama pale mzungukoni na madaftari yetu, tukaafikiana kwamba hayo ndiyo maendeleo.

Hapo ndipo nilipokutana na kijana mmoja, fundi redio, umri wake kama wangu, aliyekuwa akiishi na bibi yake katika mojawapo ya majumba hayo. Alituona tunahesabu madirisha, akatuuliza tunatafuta nini. Wenzangu wakaendelea na kazi, mimi nikabaki naye, akanikaribisha nyumbani. Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, kila mmoja na ndoo ya maji mkononi, kwa kuwa bomba halikuwa na nguvu ya kupandisha maji huko juu. Bibi yake alikuwa ameketi dirishani. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono, akaniuliza nimetoka bara sehemu gani, akacheka aliposikia ni karibu na Burundi.

Yule kijana alikuwa na wasiwasi. Alikuwa amesikia fununu kwamba mitaa ya zamani iliyosalia Ng'ambo nayo itavunjwa, ipandishwe majumba mengine kama hayo au makubwa zaidi. Kwa kuwa mimi nilikuwa msomi wa mambo hayo, akanimwagia maswali. Nayakumbuka kwa sababu usiku ule niliyaandika.

Aliuliza: maiti anateremshwaje? Babu yake alipofariki, jeneza halikuweza kugeuka kwenye kona ya ngazi, ikabidi lisimamishwe wima, na bibi akaliona. Aliuliza: harusi inapikiwa wapi? Sufuria ya pilau ya mtaa mzima haipandi jikoni ghorofa ya tano, na chini hakuna ua, pana barabara. Aliuliza kwa nini bibi yake, ambaye katika nyumba yake ya zamani alikuwa akiketi barazani kila alasiri akisuka ukili na kupokea salamu za kila apitaye, sasa hajashuka tangu mfungo wa Ramadhani, kwa ajili ya magoti. Tena akaniuliza, na hili liliniudhi wakati ule: kwa nini kule mnapaita mji wa kale, na huku kwetu mnapaita uwanja wa kujengea?

Nilimjibu kwa takwimu, ndugu zangu. Nilimweleza habari za msongamano, maji taka, magari ya zimamoto, gharama ya kila mlango mmoja. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, sikukuuliza milango mingapi. Nimekuuliza nani alikuja kumwuliza bibi."

Sikuwa na jibu. Nikaaga, nikashuka zile ngazi.

Baadaye nilisoma zaidi juu ya Ng'ambo, nikaona aibu kwa kimya changu. Mji ule wa upande wa pili haukuwa kichaka cha vibanda kilichosubiri kufyekwa. Ulijengwa kwa mikono ya watu waliotolewa bara utumwani na watoto wao, ya wavuvi na wachukuzi, ya wanawake waliomiliki nyumba kwa majina yao wenyewe. Mwaka 1928 wapangaji wa ardhi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliishi na kuimba huko, na sauti yake ikatoka huko ikaenea pwani yote kwa sahani za santuri. Lakini nyumba za udongo na boriti hazina mlango wa nakshi wa kupigwa picha, kwa hiyo mpaka wa urithi ulichorwa ukaishia barabarani. Na hata ndani ya mpaka huo, jiwe peke yake halijilindi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib tuliloisimamia na madaftari yetu ilianguka, watu wakafa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimegeuzwa hoteli na maduka ya vinyago, na wenyeji wamehamia mashamba ya pembezoni, wanarudi mchana kuuza. Mji unaweza kusimama kuta zake zote na bado wenyewe wakawa hawamo.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, maana sikuja hapa kusema ya wengine tu. Miaka kadhaa baada ya chuo nilipangiwa kazi katika wilaya moja, ambayo sitaitaja, na nikapewa kuchora makazi mapya ya watu waliopisha ujenzi wa barabara. Nilichora vizuri. Viwanja vya mita 20 kwa 20, mistari iliyonyooka kama sare za gwaride. Katika mkutano mzee mmoja alisimama, akauliza migomba itakaa wapi, na makaburi ya wazazi wao itakuwaje. Nikamjibu kwamba bajeti haikuweka fungu la migomba. Watu walicheka, nami nikacheka. Niliporudi baada ya miaka miwili nyumba nyingi zilikuwa zimeuzwa kwa wageni, na wenyewe walikwisha kwenda kufyeka mahali pengine. Yule mzee sikumkuta. Ndipo nilipomkumbuka yule kijana na ndoo yake.

Mambo hayo yanaweza kufanywa vingine, na mfano uko palepale Unguja. Kuanzia mwaka 2013 idara ya mipango miji na vijiji ya Zanzibar, pamoja na wataalamu wa Uholanzi, iliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kabla ya kuchora chochote walipita mitaani wakaandika maskani, mabaraza, viwanja vya mpira, misikiti, majumba ya sinema ya zamani, miti ambayo watu hukutania chini yake. Matokeo yake yakachapwa katika kitabu cha ramani mwaka 2019. Sidai kwamba kila kilichoandikwa kimehifadhiwa, kwani wenye fedha za kujenga huwa hawasomi ramani za namna hiyo. Lakini aliyeandikwa walau anacho cha kuonyesha siku mchoraji anapokuja.

Dar es Salaam nako, nyumba za kota za Magomeni zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kaya 644 zikangoja mpaka Machi 2022 ndipo majumba mapya yakazinduliwa. Kaya zile zilikuwa na orodha yao, na viongozi wao hawakuacha kuifuatilia. Bila orodha ile sijui kama wangeziona funguo.

Basi Kabanga. Mnajua wote kwamba ardhi yetu ya Ngara ina nikeli, na kwamba wapo wananchi wanaotakiwa kupisha mradi na kujengewa kwingine. Mimi si mtumishi wa mradi ule, wala sikuja kuupinga au kuupigia debe. Nchi inahitaji fedha, na vijana hawa wanahitaji kazi. Ninachosema ni kwamba nyumba zitajengwa kwa wingi na kwa haraka, hapa kwetu, na panapokuja kampuni huja pia wapangaji, wenye maduka na wenye kununua viwanja. Mchoraji atakayekuja atakuwa kijana kama nilivyokuwa mimi, ana kompyuta na haraka. Yeye atahesabu milango.

Mtasema Ngara si mji wa kale, hatuna majumba ya mawe. Walau wenzetu wa Biharamulo wana boma lao la Wajerumani. Nami nawauliza: boma la Mhangaza au la Mshubi likoje? Nyumba inakaa wapi na migomba inakaa wapi, mgeni anaketi upande gani, pombe ya ndizi inakamuliwa wapi, waliofariki wamelala wapi? Wazee wetu walipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 walipangwa kandokando ya barabara, na wengi walirudia mpangilio uleule wa zamani kila walipopata nafasi. Hilo ni jambo la kale kuliko milango ya Unguja, ila halijaandikwa popote.

Sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe mchoro unapoandaliwa. Ila nawaambia kama mtumishi niliyeketi upande wa pili wa meza: katika mkutano wa namna hiyo anayesema "tunaonewa" huandikwa mstari mmoja katika muhtasari. Anayeleta karatasi yenye vipimo hatuwezi kumruka, maana lazima tuijibu karatasi yake kwa karatasi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimeomba ruhusa kwa Mkuu wa Shule, naye amekubali. Baada ya chakula cha mchana nitakwenda na wanafunzi wa kidato cha tatu watakaopenda, mpaka kwa mzee mmoja jirani wa shule ambaye ameturidhia, tukalipime boma lake: nyumba, ua, migomba, njia ya kisimani, na makaburi ikiwa atatuonyesha. Tutachora, tutaandika majina ya kila sehemu kwa lugha ya nyumbani, na nakala moja itabaki kwa mzee, ya pili katika maktaba hii. Futi ya mita 50 ninayo ndani ya gari. Walimu wa jiografia nao wanakaribishwa.