Taa ya Injini Baada ya Kujitengenezea Gari

(Maneno aliyoyasema mwanachama wa karakana katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya motokaa, maana wengi wetu tumenunua magari kwa mkopo wa chama cha akiba, na mshahara ni ule ule. Kwa hiyo siku ya Jumapili twajitengenezea wenyewe uani. Si vibaya. Lakini Jumatatu ile taa ya manjano yenye picha ya injini inawaka, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea.

Mimi nilibadilisha kichujio cha hewa, kazi ya dakika kumi tu. Kesho yake taa ikawaka, na gari likakosa nguvu mlimani. Nikalipeleka gereji. Fundi hakupima kitu, akasema sensa ya ekzosi imekufa. Nikalipa shilingi 14,000, karo ya mtoto hiyo! Akaizima taa, nikaenda zangu kwa furaha. Siku ya pili ikarudi.

Ndipo nikaazima kile chombo kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Kikanionyesha namba mbili, P0102 na P0113. Mtindo wa namba hizi ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na baada yake, na leo magari mengi huufuata. Ya kwanza yahusu sensa ipimayo hewa inayoingia, ya pili yahusu joto la hewa hiyo. Katika gari langu zote mbili zimo katika kipande kimoja, karibu na kichujio. Nikatazama. Soketi niliyoichomoa kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeirudisha nusu tu! Nikaisukuma mpaka ikalia “ta”, nikazifuta namba, na haijawaka tena.

Basi, ndugu, kabla ya kutoa senti moja, rudi mahali ulipogusa mwisho. Soketi, mipira ya hewa, klipu. Bomba la hewa likiachwa wazi baada ya ile sensa, hewa isiyopimwa huingia, na mara nyingi utaona P0171. Tena namba haikuambii kipande gani kimekufa, yakuambia kompyuta inalalamikia nini. Wauzaji wa vipuri hawapendi kulisema hilo.

Wengine huondoa waya wa betri ili taa izimike. Unafuta ushahidi bure. Andika namba kwanza. Ubovu ukiisha kweli, taa huzimika yenyewe, kwa kawaida baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa.

Ikiwa taa inawaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, hiyo ni habari nyingine. Injini inamisi vibaya, pengine ulibadilisha plagi na koili moja haikukaa. Petroli isiyoungua huingia katika kisafisha moshi ndani ya ekzosi, kikapata moto mkali hata kuyeyuka, na bei yake mtalia. Punguza mwendo, simama mahali salama, usiendelee na safari. Na taa nyekundu ya oili si hii ninayoisema. Hiyo ikiwaka, zima injini pale pale.

Yuko mwenzetu aliyeuziwa gari ambalo taa hii ilikuwa imekatwa waya. Sisi watu wa reli twajua kwamba ishara ya usiku isiyo na taa huhesabiwa kuwa ni ya kusimama. Basi ukienda kununua, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima ionekane. Isipoonekana, uliza kwa nini, na pesa zako ziwe bado mfukoni.

Mimi sasa nimenunua chombo changu cha kusomea. Kipo katika kabati langu la karakana. Mwanachama yeyote aje akiazime saa ya chakula, ila akirudishe kabla ya zamu kwisha.