Yoga ya Kundalini: Pumua Taratibu, Dawa Usiache

Tarehe 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014.

Yoga ya Kundalini ina asili yake India. Anayeifanya huketi mgongo ukiwa wima, hunyoosha viungo, huimba maneno mafupi, kisha hutulia kimya. Kupumua polepole hutuliza mapigo ya moyo na kupunguza wasiwasi.

Lakini kuna zoezi la kupumua haraka kwa kusukuma tumbo, liitwalo pumzi ya moto. Hilo haliwafai wajawazito, wala wenye presha, ugonjwa wa moyo au kifafa. Hao wapumue taratibu.

Na anayemeza dawa za presha asiziache. Yoga humsaidia mgonjwa. Haichukui nafasi ya kliniki.